Rebeka Nyandeng Mabil, Mama wa Ndege wa Chuma (1961–1998)

Wasifu ulioandikwa na kusomwa na Awino, dada yake wa hapa Lodwar, Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1998

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu mliokuja na lori kutoka Kakuma, majirani wote, ejok, hamjambo. Kamati ya mazishi imenipa dakika kumi na karatasi mbili. Wanaonijua kule sokoni kwenye samaki wanajua kwamba dakika kumi kwangu ni za salamu tu, kwa hiyo mtanivumilia. Marehemu hakutoka tumbo moja na mimi. Lakini kwa miaka sita alilala kwangu kila mwisho wa mwezi, tukala sahani moja, tukanuniana na kupatana, na kama huo si udugu basi sijui udugu ni kitu gani. Ndugu yake wa damu, binamu yake Manyok, amesema Kiswahili chake hakitoshi kwa kazi hii, nisome mimi. Maneno yaliyo kwenye programu mliyoshika niliyaandika Jumapili iliyopita. Sehemu ya mwisho nimeifuta kwa kalamu, na tukifika hapo mtajua ni kwa nini.

Marehemu Mama Rebeka Nyandeng alizaliwa mwaka 1961, mwaka ambao mto Nile ulifurika ukameza malisho, katika kijiji kilichopakana na misheni ya Lualdit, upande wa Bor, kusini mwa Sudan. Kadi yake ya ukimbizi ya Kakuma inasema alizaliwa tarehe moja Januari. Nyinyi wa kambini mnacheka kwa sababu mnajua: nusu ya Kakuma ilizaliwa tarehe moja Januari, maana nani alikumbuka kubeba tarehe wakati wa kukimbia risasi? Yeye alichojua ni alichoambiwa na mama yake, kwamba maji yalikuwa yamefika mlangoni na mkunga alikuja kwa mtumbwi. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Mabil na Mama Achol, ambao wote wamekwisha kutangulia.

Vita vya kwanza vya kwao vilipokwisha mwaka 1972, misheni ilifungua shule tena, na mwaka uliofuata Nyandeng akaingia darasa la kwanza, msichana wa miaka kumi na miwili, mrefu kumpita mwalimu. Alisoma mpaka darasa la nne, mwaka 1976. Uani mwa kanisa la Lualdit palikuwa na bomba la zamani la kunywea maji, la chuma cha kusubu. Mkitaka kujua lilivyokuwa, geuzeni shingo mtazame letu hapo nyuma ya viti. Ni hilo hilo. Korongo watatu wamepeana migongo, wamebeba beseni lenye maua ya chuma pembeni, maji yanatoka midomoni mwao, minyororo minne ya vikombe inaning'inia, na chini kabisa kuna kile kisahani cha mbwa ambacho hapa kwetu wamekipokonya mbuzi. Wazungu wa zamani waliyamimina mabomba haya kwa kalibu moja, wakayatawanya duniani kwa meli. Moja likapanda Nile likafika Lualdit. Jingine likaenda kwa mlowezi mmoja huko Kitale, na alipokuwa anahama mwaka 1962, misheni yetu ikalipakia kwenye lori, likakwama mchangani Kainuk siku tatu, ndipo likafika hapa. Chini ya mguu, mahali ambapo mtu haoni bila kuinama, yote mawili yana namba ishirini na moja. Mwalimu wa Lualdit aliwafundisha watoto tarakimu kwa kuwapitishia kidole kwenye namba ile. Nyandeng alikuwa akisema kwamba kidole chake kilijua ishirini na moja kabla ya kujua tano.

Ndoa yake ilianzia hapo hapo bombani. Fundi wa misheni alikuwa kijana anayeitwa Mou Atem, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwahudumia wale korongo, kwa sababu yule wa kushoto alikuwa na tabia ya kuziba. Nyandeng akaanza kupata kiu. Asubuhi kiu, saa nne kiu, mchana kiu, jioni kiu. Siku moja Mou akamwambia mbele za watu, "Binti wa Mabil, hata ngamia hupumzika." Aliaibika, lakini kesho yake kiu ikamrudisha. Mou akachukua tupa, akachora pembe za ng'ombe kwenye ukingo wa kikombe kimoja, pembe ndogo zinazotosha kidole gumba, akamwambia hicho ndicho chako, wengine watumie vile vitatu. Ng'ombe wa mahari walipokamilika, wakafunga ndoa kanisani tarehe 24 Aprili 1982. Walikaa miaka mitano bila mtoto, na Nyandeng alisemwa sana. Mwaka 1987 wakajaliwa binti, Alek.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwezi wa Novemba 1991 vita viliingia Lualdit. Watu walikimbia mchana kweupe, kila mmoja na alichoshika. Mama yake Mou alikuwa ng'ambo ya mto, mzee asiyeweza kutembea, na Mou akasema anamfuata. Alikata mnyororo wa kile kikombe, akampa mke wake ili mtoto awe na cha kunywea njiani, akamwambia, "Tukipotezana, nisubirini kwenye ndege." Yeye alikuwa na maana ya ndege wale wale wa Lualdit, kwamba mambo yakitulia warudi nyumbani wakutane pale. Ndivyo Nyandeng alivyomwelewa pia. Hawakuonana tena.

Marehemu alitembea na Alek mpaka Torit, kutoka Torit mpaka Kapoeta, kutoka Kapoeta mpaka Narus. Narus, mwezi wa Machi 1992, surua ilimchukua Alek akiwa na miaka minne na nusu. Nyandeng alinisimulia jambo hili mara moja tu katika miaka sita, tukiwa tunapaa samaki, na hakuinua macho. Alisema maji ya mwisho alimpa kwa kikombe cha pembe. Kisha akasema, "Mou hajui. Yeye iko mahali anafikiria sisi ni wawili." Kutoka siku ile nikajua kwamba huyu mwanamke hamngoji mume tu. Alikuwa amebeba habari ambayo ilibidi aitoe yeye kwa mdomo wake, na hakuna mwingine wa kumsaidia kuibeba.

Aliingia Kakuma mwezi wa Agosti 1992 akiwa na kidonda mguuni kilichofika mfupani. Jumatatu tarehe 14 Septemba waliletwa wagonjwa kwa gari hospitali ya hapa Lodwar, naye akiwamo. Baada ya wiki tatu aliruhusiwa kutoka wodini kwa mkongojo ili apate hewa. Siku hiyo mimi nilikuwa napita na beseni langu la samaki kutoka Longech. Nikaona mwanamke mrefu ajabu amepiga magoti uani mwa kanisa, kando ya lile bomba letu bovu, anapapasa chini ya mguu wake. Bomba lilikuwa limekauka tangu mwaka 1979. Watu walikuwa wanafungia mbuzi hapo. Nikasema moyoni, maskini, amechanganyikiwa na safari. Nikamsogelea, nikaona anacheka huku machozi yanamiminika, na kidole chake kiko kwenye namba. "Wahid wa ishirin," akaniambia. "Wahid wa ishirin!" Mimi na Kiarabu wapi na wapi? Nikampa tilapia moja nikaenda zangu.

Alipojifunza Kiswahili cha kutosha ndipo akanieleza. Alijua vizuri kwamba ndege aliowasema Mou ni wa kwao. Lakini Lualdit ilikuwa imechomwa, na njia ya kukimbilia Kenya ni moja. "Mou akikimbia, atapita hapa tu," akasema. "Akiona ndege hii, mguu yake itasimama yenyewe." Mimi nikamwambia, dada, Kenya ni kubwa. Akanijibu kwamba Kenya ni kubwa lakini ndege wa chuma wenye namba ile wako mahali pamoja tu. Utamshinda?

Hapa niweke kisa kidogo cha mume wangu, Opondo, na naomba asininunie. Opondo alikuwa fundi wa idara ya maji kwa miaka kumi na minne wakati huo. Alikuwa amelikagua bomba la kanisa mara tatu, na mara zote tatu akawaandikia wazee kwamba halitengenezeki, liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nyandeng akaja kwake na mkongojo akamwambia, "Baba, fungua chini ya bawa. Ya kushoto." Opondo akacheka. Akamweleza mambo ya presha ya maji na kipenyo cha paipu. Nyandeng akangoja amalize, kisha akasema tena, "Chini ya bawa." Wazee wakamwambia fungua tu, unapoteza nini? Chini ya bawa la kushoto palikuwa na kifuniko cha skrubu kilichofichwa na manyoya ya chuma, na ndani yake chujio limejaa mchanga wa miaka na kiota kikavu cha nyigu. Alipokisafisha na kuunga paipu kwenye tangi la kanisa, korongo wote watatu wakatema maji ya kutu, kisha maji safi. Mama Atabo, ambaye ameketi pale na fimbo yake, alipiga vigelegele mpaka mbuzi wake wakakimbia. Na fundi mzima wa serikali akarudi nyumbani kula ugali wake. Nilimhurumia kidogo tu.

Siku hiyo marehemu alikitundika kikombe chake kwenye mnyororo wa kwanza. Vikombe vyetu vya zamani viliibwa tangu hatujaja huku, kwa hiyo kile kikawa ndicho pekee. Nikamwonya kitaibwa. Mama Atabo akasimama uani akatangaza kwamba mwenye kukigusa kwa nia mbaya atazungumza na yeye. Miaka sita, hakuna aliyethubutu.

Kuhusu kazi, marehemu alikuwa mlinzi wa bomba hili bila mshahara. Aliishi Kakuma, kwenye kundi la watu wa Bor, lakini kila mwisho wa mwezi aliomba kibali cha kusafiri, akangoja eskoti ya magari, akaja Lodwar siku tano. Sababu iliyoandikwa kwenye kibali ilikuwa "kufungwa kidonda". Kidonda kilipona mwaka 1993. Bwana Kariuki, aliyekuwa akiandika vibali, yuko hapa na amenipa ruhusa ya kusema. Mwaka 1996 alimwuliza, "Mama Rebeka, hiki kidonda kina miaka minne sasa. Hakijapona tu?" Akamjibu, "Haijapona, mwanangu." Kariuki akamtazama, akagonga muhuri. Mwezi uliofuata hakuuliza tena.

Akiwa hapa alifagia uwanja, akasugua manyoya ya korongo kwa mchanga na majivu, akaketi kwenye kivuli cha mwarobaini akitazama lango. Kila mwanamume mrefu aliyeingia alimfanya ainuke. Nilimtania, "Wewe, hata polisi wa trafiki unamsimamia?" Akacheka. Lakini alikuwa akiinuka.

Kazi ya mikono yake mnaijua. Alidarizi milaya, yale mashuka ya kitandani yenye nyuzi za rangi ambayo akina mama wa Sudan wanashona. Wenzake walidarizi maua na tausi. Yeye kuanzia mwaka 1993 alidarizi kitu kimoja: korongo watatu wamepeana migongo, na chini yao namba 21. Aliyauza, aliyatoa zawadi, alimfungashia kila bibi harusi wa kambini. Mtu akiondoka kwenda Lokichoggio au kurudi Sudan, lazima ameondoka na shuka la ndege. Aliniambia hivyo ndivyo anavyotuma barua. Shuka moja lisipofika, lingine litafika, na Mou akiliona atajua mke wake yuko hai na yuko kwenye ndege.

Basi mwezi wa Juni 1997 tulikuwa tumeketi kwenye mkeka wangu, yeye na sindano, mimi na mdomo wangu. Nikamwambia, bila nia yoyote, "Nyandeng, hawa ndege ni wazuri, lakini mwenye kuwaona atajuaje wako Lodwar? Si hata kwenu wako?" Mkono wake ulisimama. Nami nikaanza kutafuta la kufutia maneno yangu. Miaka minne ya mashuka. Kila aliyenunua alidhani mama wa watu anakumbuka nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza, na yeye hakuwaza kwa sababu kwake mahali alipokuwa palikuwa wazi mno. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikageuka kilio. Nilimshika mabega. Kesho yake alinunua uzi mwekundu, na kutoka shuka lile akaandika chini ya namba, kwa herufi kubwa, LODWAR. Laiti ningefungua mdomo huu mapema. Watu wanasema Awino anaongea sana, kumbe kwenye jambo lililotakiwa nilinyamaza miaka minne.

Mwisho wa mwaka ule mvua za El Niño zilikata barabara. Turkwel ikafurika, magari hayakupita, na marehemu akakosa kuja miezi mitatu. Alipofika Februari alikuwa amekonda. Mwezi wa Julai miguu ilianza kuvimba. Daktari alisema ni figo, na kwamba mashine ya kusaidia iko mbali, na hata huko kuna foleni. Alilazwa hapa Lodwar tarehe 2 Septemba. Nilimpelekea maji ya bomba kila asubuhi kwa kikombe chake, kisha nakirudisha kwenye mnyororo, maana alikataa kikae wodini. "Mou akikuja atatafuta kikombe," alisema. Kitandani aliendelea kudarizi. Shuka lililofunika jeneza lake ndilo la mwisho. Mkitazama vizuri, korongo wa tatu hana jicho.

Alhamisi tarehe 8 Oktoba aliniita karibu. Alisema, "Awino, kama Mou akikuja, habari ya Alek usimwambie haraka. Mpe maji kwanza." Nikamwambia utamwambia mwenyewe, acha maneno hayo. Akanishika mkono akarudia, "Maji kwanza." Nikaahidi ili anyamaze. Ijumaa tarehe 9, saa tatu asubuhi, nikiwa bado njiani na kikombe, akakata roho. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Maji yale niliyamwaga kwenye kisahani cha mbuzi kwa sababu sikujua pa kuyapeleka.

Programu iliyochapwa inaishia hapo, na chini yake imeandikwa kwamba mume wake hajulikani aliko. Sasa nasoma ya kalamu.

Jumatano wiki hii, tukiwa tunapanga matanga, kulikuwa na mwanamume ameketi kwenye ukuta mdogo wa bomba. Mrefu, mvi kichwani, kandambili za tairi, moja imefungwa kwa kamba. Nilimpita mara tatu nne. Nilidhani ni mmoja wa waliotoka Kakuma kuja msibani. Jumanne mtu anafika, Jumatano wanafika wengine, nani anawahesabu? Alhamisi asubuhi bado yuko pale pale, na akina mama wana sufuria za kuosha. Mnanijua. Nikamwambia, "Baba, hapa tuna msiba. Hebu sogea kule kwenye mwarobaini, unatuziba." Akasogea. Nilipogeuka amerudi, ametazama lango.

Nikamwona midomo yake ilivyokauka, nikajionea haya. Nikasema, Awino, mgeni ni mgeni hata kama anaziba njia. Nikachota maji kwa kikombe nikampa. Akanywa yote bila kupumua. Kisha kidole chake gumba kikapita kwenye ukingo, kikasimama.

Akakigeuza kikombe juani. Akaniuliza, "Nyandeng wen?"

Sijui Kiarabu, lakini hilo nililielewa: Nyandeng yuko wapi. Nikakaa chini, kwenye maji ya sufuria, na nikakumbuka kwamba nimempa maji kwanza. Nilitimiza ahadi bila kujua.

Manyok alikuja, akamwambia msiba huu ni wa nani, kisha akatutafsiria. Mou alirudi Lualdit mwaka 1992 baada ya kumzika mama yake. Kanisa limeungua, ndege wamesimama. Akaweka kibanda kando yao, akangoja, kwa sababu yeye ndiye aliyesema nisubirini kwenye ndege. Mwaka 1995 mwanamke mmoja alirudi kutoka Kenya akiwa na shuka. Mou akaona korongo watatu na namba ishirini na moja. Alifurahi hakulala. Mama huyo alilinunua kwa mtu mwingine, akajua tu kwamba aliyelishona yuko hai, na Mou akasoma alichokisoma: mke wangu anakumbuka mahali pa kukutania, yuko njiani kuja nyumbani. Basi akaongeza bidii ya kungoja. Mfuko wa safari aliokuwa ameshaufunga, akaufungua.

Mwanadamu hajui. Shuka lile lile alilolituma Nyandeng ili mumewe aje, ndilo lililomfanya asitoke. Miaka mitatu, huyu ametazama lango hapa, na yule ametazama njia kule, kila mmoja kando ya ndege wale wale. Mwezi wa Julai mwaka huu mama mwingine alipita Lualdit na mtoto mgongoni, amefungwa kwa shuka lenye maandishi mekundu. Mou alimwomba mtu amsomee neno lile mara mbili. Aliondoka siku ile ile. Alifika Lodwar Jumatano adhuhuri, akawaona ndege kutoka barabarani, na akafanya alivyokubaliana na mkewe. Aliketi kwenye ndege kungoja. Hakuuliza mtu yeyote, kwa sababu si ndivyo walivyokubaliana? Na sisi tulikuwa tunapita mbele yake na mbao za jeneza.

Habari ya Alek nilimpa mimi, Alhamisi jioni, baada ya maji na baada ya chakula. Ilikuwa ya Nyandeng, na nimeibeba vibaya, sina maneno yake. Mou alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaomba bisibisi kwa Opondo, akaenda kwenye bomba, akafungua chini ya bawa la kushoto. Alisafisha chujio kwa kipande cha shati lake mpaka giza lilipoingia. Maji mtakayokunywa leo baada ya mazishi yamepita kwenye mikono yake. Kikombe ni kimoja, kwa hiyo mtapanga foleni, na tafadhali msisukumane.

Kaburi liko nyuma ya kanisa, hatua arobaini kutoka bombani. Wazee walibishana kidogo, halafu Mama Atabo akauliza kama kuna mwenye kutaka kulisafisha bomba badala ya marehemu, na ubishi ukaisha.

Sasa wenye kalamu toeni. Kwenye ukurasa wa mwisho, pale palipoandikwa "mume wake hajulikani aliko", futeni. Andikeni hivi. Marehemu alitanguliwa na binti yake, Alek Mou. Ameacha binamu, Manyok. Ameacha ndugu wa Lodwar, Awino na Opondo. Ameacha akina mama wa milaya wa Kakuma, na Mama Atabo na mbuzi wake wote. Na kabla ya hao wote, juu kabisa, kwa herufi kubwa, andikeni: ameacha mume, Mou Atem, ambaye ameketi kiti cha mbele, kushoto, na kikombe mapajani.

Pumzika kwa amani sasa, Nyandeng. Usiinuke tena kutazama lango. Amefika, na maji nimempa.